Saa Nne na Dakika Kumi na Mbili

Jumamosi, 20 Oktoba 2007

Mwalimu Mwanakheir alikuja nyumbani baada ya Alasiri kuniombea ruhusa ya kukimbia. Skuli yetu itapeleka wasichana watano kwenye mbio za tarehe 8 Disemba, kutoka Makunduchi mpaka Kizimkazi, kilomita kumi, na anataka mmoja wao niwe mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya chai, nikisikiliza.

Baba hakukataa kwa ukali. Alisema, "Mwalimu, binti yangu akitoka nataka nijue yuko wapi. Skuli najua. Chuo cha Kurani najua. Huko kukimbia nitajuaje?"

Mwalimu akafungua mkoba akatoa kitu kama saa kubwa chenye mkanda wa kufungia mkononi. Alipewa na mkufunzi wa riadha aliyepita hapa mwaka jana. Kinaitwa GPS. Kinasikiliza satelaiti zilizo juu, kinaandika kila unapopita na saa uliyopita, na ukikiunganisha na kompyuta kinachora mstari juu ya picha ya mji.

Baba ni fundi saa. Duka lake liko Mkunazini, na babu alikuwa fundi saa hapo hapo. Alikichukua kile kifaa, akakigeuza, akakiweka sikioni asikie kama kinapiga.

"Saa inayojua ilipo," alisema, na nikaona kwamba amekipenda. "Watu husema uongo, Mwalimu. Saa haina haja nao. Haya, na akimbie. Lakini kila Ijumaa niione karatasi ya alikopita."

Jikoni Mama aliniambia, "Umepata ruhusa na askari wake."

Jumatatu, 22 Oktoba

Mazoezi ya kwanza. Kutoka uwanja wa Mnazi Mmoja mpaka Maisara, kisha Kilimani na kurudi. Rafiki yangu Mwatum, mkimbiaji mwenzangu, amekipa kifaa changu jina la Bwana Mpelelezi. Tukipita mahali ananong'ona, "Msalimie, umwambie sisi ni watoto wa watu."

Ijumaa, 26 Oktoba

Kaka Mazin, mtoto wa ami yangu, ndugu wa Baba, anafanya kazi kwenye duka la mtandao, lenye kompyuta za kukodi, na yeye ndiye anayekiunganisha kifaa na kuchapisha karatasi. Leo ameleta ya kwanza. Baba aliufuata mstari mwekundu kwa ncha ya bisibisi yake ndogo.

"Hapa ulikwenda polepole."

"Palikuwa na mkokoteni wa magunia, Baba."

Alicheka. Sijamwona akinichekea hivyo tangu nilipokuwa darasa la nne. Nilihisi kwamba tumepata lugha ya kuzungumzia, mimi na yeye.

Jumatano, 31 Oktoba

Mvua. Tumeruka kamba ndani ya darasa.

Ijumaa, 2 Novemba

Karatasi ya pili. Mwalimu amesema mimi sasa ndiye wa pili katika kikosi, baada ya Mwatum. Nilimwambia Baba. Akasema, "Wa pili si haba," kisha akarudi kwenye mstari.

Ijumaa, 9 Novemba

Baba ameona kwamba mistari yote inaanzia Mnazi Mmoja na kuishia hapo hapo.

"Na kutoka mlangoni kwetu Kiponda mpaka pale?"

"Nakwenda kwa miguu, Baba. Mwalimu hukiwasha tukifika uwanjani."

"Basi kichukue wewe. Ukiwashe hapa mlangoni, ukizime hapa mlangoni."

Sina kinyongo. Anayetaka kuona njia nzima si lazima awe na shaka. Ndivyo ninavyojiambia.

Jumanne, 13 Novemba

Kifaa kilizimika chenyewe. Nilikichaji, na kilipowaka kiliniuliza masaa ya kuongeza au kupunguza. Nilibonyeza mpaka kikasoma sawasawa na saa ya ukutani. Kinakwenda nayo dakika kwa dakika. Nimefurahi kwamba sikuhitaji kumsumbua mtu.

Jumatano, 14 Novemba

Mvua ilinikuta Kajificheni wakati wa kwenda mazoezini. Nilisimama chini ya roshani mpaka ikapungua, kisha nikakimbia. Nimelowa miguu tu.

Ijumaa, 16 Novemba

Nitaandika kama yalivyotokea, bila kuongeza.

Baada ya chakula cha mchana Baba aliniita. Niliitika naam, nikaenda nikifuta mikono. Karatasi ilikuwa mezani, amekandamiza pembe yake kwa kisahani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na hakuingia wala hakutoka.

"Kaa, Basma. Jumatano ulikwenda mazoezini saa ngapi?"

"Saa kumi, Baba. Baada ya Alasiri."

"Ulipita wapi?"

"Kajificheni, nkatokea Sokomuhogo, mpaka Mnazi Mmoja."

"Ulisimama?"

"Nilisimama Kajificheni. Mvua ilinikuta, nkajikinga chini ya roshani."

Akaigeuza karatasi inielekee. Mstari mwekundu ulitoka mlangoni kwetu, ukashuka, na ulipofika Kajificheni ukaingia ndani ya nyumba moja. Haukuipita tu. Uliingia ukajizungusha humo kama uzi uliofungana, kisha ukatoka, na karatasi ikaishia hapo. Pembeni pameandikwa 10:12, na chini yake 10:27.

"Nyumba hii unaijua?"

Naijua. Kila mtu anaijua. Ni gesti, ile yenye mlango wa kijani.

"Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi," Baba alisema. "Mpaka saa nne na dakika ishirini na saba. Siku ya skuli."

"Saa nne nilikuwa skuli, Baba."

"Saa nne skuli ni mapumziko. Geti liko wazi, nyote mnatoka kununua ubuyu, na mlangoni kwetu si mbali."

"Nilikuwa na Mwatum."

"Mwatum ni rafiki yako."

"Baba, wallahi nilijikinga mvua."

Hapo ndipo alipoinua macho. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ningependa zaidi kama angenifokea.

"Jumatano saa nne kulikuwa na jua, mwanangu. Mimi nilikuwa barazani mwa duka nakausha saa iliyoingia maji. Mvua ilinyesha saa kumi. Umeichukua mvua ya saa kumi ukaipeleka saa nne."

Nilikuwa nimesema kweli, na ile kweli yenyewe ndiyo iliyonifanya mwongo. Nilimwomba aende skuli amuulize Mwalimu.

"Nikaulize nini? Nikaulize binti yangu alikuwa gesti au hakuwa? Nikishauliza, nshajibu."

Alikichukua kifaa akakitia kwenye mfuko wa kanzu. Hakuna mazoezi. Hakuna Makunduchi. Mama alibaki mlangoni akiutazama ukuta.

Jumamosi, 17 Novemba

Sikutoka.

Jumapili, 18 Novemba

Mvua. Baba aliomba chumvi kwa Mama, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Jumatatu, 19 Novemba

Mwalimu Mwanakheir aliniuliza kwa nini sikuvaa viatu vya kukimbilia. Nilimwambia, "Nimekatazwa." Hakuniuliza sababu, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema fomu yenye saini ya mzazi lazima aipate ifikapo Ijumaa ya tarehe 30. Baada ya hapo nafasi yangu atapewa mwengine.

Njiani nilipita mbele ya duka la mtandao. Mazin alinikimbilia.

"Basma, mimi nimechapisha tu. Ungenambia mapema nisingepeleka ile karatasi."

Nilisimama katikati ya njia. "Ningekwambia nini?"

Kumbe na yeye anaamini kwamba niliingia. Nilikuwa nikimpenda kama kaka wa tumbo moja, na leo nimeona kwamba mtu anaweza kukuhurumia na kukutukana kwa neno moja.

Jumanne, 20 Novemba

Mama aliingia chumbani na nguo za kukunja. Alikunja mbili, akaweka ya tatu magotini.

"Nitakuuliza mara moja tu, na sitokuuliza tena. Uliingia?"

"Sikuingia, Mama."

"Mbona basi Kajificheni? Njia zote hizi. Jina lenyewe linakushuhudia."

"Ndiyo njia ya mkato."

Akaendelea kukunja, na nguo zangu akazikunja vizuri kuliko za wengine. Sijui kama hilo ndilo jibu lake.

Jumatano, 21 Novemba

Wiki imetimia. Nimeipitia ile siku mara nyingi mpaka nimeanza kuiogopa. Kuna wakati naiona roshani, matone, maji yakipita baina ya viatu vyangu. Kuna wakati naona mlango wa kijani, na najiuliza kama niliugusa. Sikuugusa. Naandika hapa ili kesho nisisahau: sikuugusa.

Alhamisi, 22 Novemba

Leo Mama alinituma nimpelekee Baba chakula dukani, kwa sababu hakurudi mchana. Niliweka bakuli juu ya meza yake na kusimama pembeni, maana hakuniambia niondoke wala nikae.

Bi Mwanakhamis wa Malindi alikuwa amekuja kuchukua saa yake ya ukutani. Baba aliifunga kifuniko, akakishika kifundo cha nyuma, akauliza kama anavyowauliza wateja wote, kama nilivyomsikia akiuliza tangu sijaanza kusoma:

"Nikutilie majira ya Kiswahili au ya Kizungu?"

"Ya Kiswahili, Sleiman. Mimi saa nne yangu ni saa nne. Hizo kumi zao wakae nazo wenyewe."

Baba akazungusha mishale. Nami nikaikumbuka saa yetu ya ukutani, pale sebuleni.

Nyumbani kwetu saa zote zinasoma Kiswahili. Ni amri ya Baba. Saa kumi jioni mshale unasimama kwenye kumi. Na ile Jumanne kifaa kilipozimika, mimi nilikibonyeza mpaka kikalingana na saa ya ukutani.

Nilisubiri Bi Mwanakhamis atoke. Nilikuwa nataka kusema polepole lakini maneno yalitoka yote kwa pamoja.

"Baba, kile kifaa nilikitia majira mimi. Ya Kiswahili. Kilizimika, nkakiwasha, nkakilinganisha na saa ya sebuleni. Kompyuta haijui Kiswahili. Ile kumi na dakika kumi na mbili si saa nne asubuhi. Ni saa kumi, saa kumi yetu. Saa ya mvua."

Baba alifungua mtoto wa meza, akakitoa kifaa, akakiwasha. Alikiweka juu ya kitambaa baina ya saa mbili alizokwisha kuzitengeneza, moja ya mteja wa hoteli na moja ya msikiti. Ilikuwa saa saba na robo mchana. Saa ya hoteli ilisema moja na robo. Saa ya msikiti ilisema saba na robo. Kifaa kilisema saba na robo.

Baba alikivua kioo chake cha jichoni, akakifuta, akakivaa tena bila ya kutazama kitu.

"Nani kakufundisha kutia majira?"

"Wewe, Baba."

Saa zote za dukani zilikuwa zikipiga, na kila moja kwa mwendo wake.

"Saa imejieleza," alisema mwisho. "Nyumba haijajieleza. Mstari umeingia ndani ya kuta, Basma. Dakika kumi na tano. Mvua ya saa kumi ungeweza kujikinga humo ndani pia."

Niliacha bakuli pale mezani, nikarudi nyumbani. Kabla ya leo nilikuwa na makosa mawili nisiyoyafanya. Sasa nina moja, na hilo moja lina mlango.

Ijumaa, 23 Novemba

Baba amekula nami.

Jumapili, 25 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Zimebaki siku tano za fomu. Nimeruka kamba uani mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumanne, 27 Novemba

Baba amebadilisha utaratibu. Kwa kawaida huswali Alasiri msikiti wa karibu na duka. Leo alikuja nyumbani kwanza, akatoka tena saa kumi, akarudi saa kumi na moja kasorobo amelowa mabega. Mama alimuuliza alikuwa wapi. "Nilikuwa na kazi," alisema. Mkono wa kushoto wa kanzu yake ulikuwa umevimba karibu na kiwiko.

Jumatano, 28 Novemba

Hivyo hivyo. Saa kumi.

Alhamisi, 29 Novemba

Tena. Leo jirani yetu Bi Tabia alimwita Mama dirishani, wakanong'onezana. Mama alirudi na uso mkavu na akakata vitunguu vingi kuliko alivyovihitaji. Fomu yangu iko ndani ya msahafu, haina saini. Kesho ndiyo mwisho.

Ijumaa, 30 Novemba

Baada ya sala ya Ijumaa Mazin alikuja na karatasi tatu ndani ya bahasha. Hakukaa. Alimpa Baba kwa mikono miwili na kusimama kama mtu aliyeleta habari za msiba na hajui ni wa nani.

"Ami, nimechapisha kama ulivyonambia. Sijamwonesha mtu."

Baba aliziweka mezani moja moja. Akaniita. Akamwita na Mama.

Karatasi ya kwanza: mstari mwekundu umetoka mlangoni kwetu, umeshuka Kajificheni, umeingia gesti, umejizungusha humo. Ya pili: umeruka upande wa pili wa njia, umekaa ndani ya nyumba ya watu, nyumba yenye mayatima na bibi yao. Ya tatu mstari umepishana kama mkasi: umeingia gesti, ukatoka kupitia ukuta wa nyuma, ukapanda juu ya paa, ukarudi.

Mama aliinama akazitazama, halafu akanyooka, mikono kiunoni.

"Karatasi hizi za nani?"

"Zangu," Baba alisema.

"Sleiman. Gesti ulifuata nini?"

Mazin alikohoa.

"Nilisimama aliposimama yeye," Baba alisema. "Chini ya ile roshani, kifaa mkononi. Saa kumi na dakika kumi na mbili mpaka na ishirini na saba, siku tatu, kwa saa yangu ya mfukoni. Sikusogea hata hatua moja. Saa iliyokosea ukiijaribu mara moja hujui kitu. Mara tatu unajua."

"Na watu wamekuona," Mama alisema. "Tabia kanambia jana. Eti mume wako kila siku saa kumi yuko kwenye mlango wa kijani, kumekosekana nini nyumbani?"

"Wameniona. Bwana Badar muadhini kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nasubiri mvua. Na siku ya pili hakukuwa na mvua."

Alisema hivyo bila kutabasamu, lakini Mama alikaa kitini, akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Mazin akaeleza aliyoyasoma kwenye mtandao. Kifaa kinahitaji kuiona mbingu. Mnazi Mmoja ni uwanja, kinaiona yote. Vichochoro vyetu vina kuta ndefu za mawe na mbingu ni kama utepe. Sauti ya satelaiti inagonga ukuta na kurudi, na kifaa kinadhani upo ule upande ilikotokea. Ukisimama ndiyo mbaya zaidi. "Kama mwangwi, ami. Unamsikia mtu huku, naye yuko kule."

"Nimekufahamu," Baba alisema. Kisha Mazin akanigeukia mimi. Nikaona anataka kuniomba radhi. Nikamwambia chai ipo. Akaenda kuichukua mwenyewe.

Baba aliniomba fomu. Niliitoa ndani ya msahafu. Aliisoma mpaka mwisho, hata maandishi madogo, akatia saini kwa kalamu yake ya risiti.

"Fundi akitoa saa dukani na haijasawazika," alisema akiwa ameiinamia karatasi, "haambiwi mteja astahamili. Saa hurudishwa kwa fundi."

Nilikimbia mpaka kwa Mwalimu Mwanakheir. Nilipita Kajificheni, na sikusimama.

Jumatatu, 3 Disemba

Mazoezi. Wiki mbili nzima zimenitoka miguuni. Nimekuwa wa nne.

Ijumaa, 7 Disemba

Baba alinipa kifaa, kimechajiwa, kimetiwa majira ya Kizungu. "Kesho kivae ukitaka," alisema. "Usipotaka, mrudishie Mwalimu."

Amenipa uamuzi, na sikuwa nimezoea. Nimefikiri mchana kutwa. Kifaa hakina kosa lake. Kimesema kilichosikia. Lakini nimempa Mwatum akivae yeye, maana anataka kujua kasi yake.

Jumamosi, 8 Disemba

Tumerudi kabla ya Magharibi. Mwatum amekuwa wa pili, mimi wa sita kati ya arubaini na mmoja. Mwalimu amesema wa sita kwa mtu aliyekosa wiki mbili ni kama wa tatu. Najua ananipoza, lakini nimeipokea.

Baba hakuja Makunduchi. Alikuwa na saa za watu. Nilimkuta sebuleni, meza iko tupu, hakuna karatasi, hakuna bisibisi. Mama alileta chai na mkate wa ufuta. Nilimwamkia, "Shikamoo Baba," akaitika, "Marahaba," na akanionesha kiti kilicho mbele yake.

"Haya. Nambie ulikopita."

Nikamweleza. Nilianza na uwanja wa Makunduchi, kinamama waliotoka kwenye mwani na kusimama kutushangilia na magunia yao kichwani. Nikamweleza mwendo wa kilomita ya tatu nilipodhani nitatapika, na msichana wa Kizimkazi aliyenipita akaniambia, "Pole, dada, mbele kuna mteremko," na kweli ulikuwepo. Alinisikiliza, mikono imekaa magotini. Hakuniuliza saa hata mara moja. Nikamweleza kwamba kilomita ya saba mvua ilishuka ghafla, kubwa, hata njia hatukuiona.

"Ulijikinga wapi?" Baba aliuliza.

"Sikujikinga," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akanimiminia chai kwa mkono wake.